Usaili wa kazi: namna ya kuandaa majibu kabla hujaitwa

"Dada, wakisema 'tueleze kuhusu wewe' nianzie wapi?"

Swali hili naulizwa karibu kila wiki hapa stesheneri kwangu Mwanga, mjini Kigoma. Anayeuliza huwa amekuja kuchapisha CV au kutoa nakala za vyeti, na mara nyingi amebakiza siku mbili tu. Baada ya hilo hufuata mengine yaleyale: nikiulizwa udhaifu wangu nitaje nini, nikiulizwa mshahara niseme ngapi, na sina uzoefu, sasa nitajibu nini? Nimeona niyaandike yote mahali pamoja, ili anayekuja nimpe asome wakati mashine inatoa nakala zake.

Kabla ya kufungua duka nilifanya kazi ya stoo kwenye shirika moja upande wa Kasulu, na mara kadhaa nikawekwa kwenye jopo la usaili. Nilichojifunza pale ni kwamba jibu linalombeba mtu ni lile lenye tukio ndani yake: siku fulani, mahali fulani, nilifanya hiki, ikatokea hivi. Vijana wengi wa kwetu wanayo matukio hayo, tena mazuri. Hawayahesabu tu, kwa sababu yalitokea kwenye biashara ya shangazi au kwenye kikundi cha kanisani au msikitini, wala hayakulipiwa mshahara.

Kabla hujaanza, weka hivi mezani

- Tangazo la kazi, lote. Kama uliliona kwenye simu, lichapishe.
- Nakala ya barua ya maombi na CV uliyotuma. Wengi hutuma kumi tofauti, halafu hawakumbuki ipi ilikwenda wapi. Utaulizwa kutokana na ile waliyonayo wao.
- Daftari dogo na kalamu.
- Simu inayorekodi sauti.
- Mtu mmoja wa kukuuliza maswali, asiyekuonea aibu wala huruma.
- Vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, pamoja na kitambulisho.

Kuhusu vyeti nisisitize kidogo. Kwenye saili za Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, hati za matokeo za muda na karatasi za matokeo ya kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi. Wanataka cheti chenyewe. Kama ulisoma nje ya nchi, cheti lazima kiwe kimehakikiwa na mamlaka husika, yaani TCU (vyuo vikuu), NECTA (mitihani ya shule) au NACTVET (vyuo vya kati na ufundi). Jina nalo ni hivyohivyo. Kwetu huku mtu anaweza kuandikwa jina moja kwenye cheti cha shule na jingine kwenye kitambulisho cha NIDA. Likiwa limetofautiana, muone wakili mapema akueleze hati gani inahitajika. Usisubiri barua ya kuitwa.

Hatua ya 1: Piga mstari chini ya vitenzi vya tangazo

Watu husoma sehemu ya "sifa za mwombaji", wakiona wanazo wanafunga. Sehemu ya kusoma kwa kalamu mkononi ni "majukumu". Chukua tangazo la msaidizi wa stoo: kupokea mizigo na kuilinganisha na hati, kutunza leja, kuhesabu mali kila mwisho wa mwezi, kutoa taarifa ya upungufu. Vitenzi hivyo ndimo maswali yanamotoka. Jopo likikaa kuandaa maswali hulifungua tangazo hilohilo, kisha hupanga alama kwa kila swali. Mbele ya kila msaili kuna karatasi ya alama, naye anatafuta kitu cha kuandika kwenye kisanduku chake. Ukimwambia "mimi ni mchapakazi" unampa nini cha kuandika?

Nakili vitenzi hivyo kwenye daftari, kila kimoja na ukurasa wake.

Hatua ya 2: Andika visa vitano

Hii ndiyo kazi yenyewe. Ukiwa na jioni moja tu ya kujiandaa, itumie hapa.

Kisa kimoja kina sehemu nne fupi: palikuwa na tatizo gani, wewe ulitakiwa kufanya nini, ulifanya nini hasa, na mwisho ikawaje. Tafuta kisa cha kufanya kazi na watu wengine, kisa cha kosa ulilofanya ukalirekebisha, kisa cha kugundua tatizo kabla ya wengine, kisa cha kutoelewana na mtu, na kisa cha kujifunza jambo jipya haraka. Ukiwa na hivyo vitano, maswali mengi ya mahojiano yanaingia humo.

Binti mmoja wa Gungu alikaa hapa kwenye benchi langu akaniambia, "Dada, mimi sina uzoefu, nimemaliza chuo nikarudi nyumbani." Nikamuuliza nyumbani anashinda akifanya nini. Akasema anamsaidia shangazi yake biashara ya dagaa. Nikamwambia anieleze siku moja ambayo biashara ile ilikuwa na shida.

Akaanza taratibu. Shangazi hununua dagaa wakavu kule mwaloni Kibirizi, anawafunga kwenye magunia, anampelekea mteja Tabora. Mteja akawa analalamika kila mara kwamba uzito umepungua, na shangazi akaanza kumshuku kijana anayebeba. Binti akachukua daftari, akachora safu tatu: uzito wa kununua, uzito wa kabla ya kushona gunia, uzito wa asubuhi ya kusafirisha. Baada ya wiki mbili akaona gunia la kilo 30 linapoteza karibu kilo 2 likiwa ndani ya stoo, na hakuna mtu aliyeligusa. Dagaa walikuwa hawajakauka vizuri wakati wa kununuliwa. Akamshauri shangazi waanikwe siku moja zaidi, ndipo wapimwe na kufungwa. Malalamiko yakaisha, na yule kijana akaendelea na kazi yake.

Alipomaliza nilimwuliza, "Na unasema huna uzoefu?" Kupima kwa hatua tatu, kuandika, kutafuta chanzo kabla ya kumshika mtu, kutoa ushauri: tangazo alilokuwa nalo mkononi lilikuwa la mtunza stoo, na kila kitenzi chake kilikuwa ndani ya gunia lile la dagaa.

Angalizo mawili. La kwanza, usitunge kisa. Swali la pili la jopo siku zote ni la undani: "Ulitumia mizani gani? Safu ya tatu uliiongeza kwa nini?" Aliyetunga anakwama hapo, na kuanzia hapo hakuna kitu atakachosema kikaaminiwa. La pili, sema "nilifanya" pale ulipofanya wewe. Sisi tumelelewa kutojisifu, kwa hiyo mtu anasema "tulifanya, tukapanga, tukafanikiwa" mpaka mwisho, na jopo linabaki halijui yeye alishika nini. Kutaja kazi ya mikono yako si majivuno. Wenzako wape haki yao kwa sentensi moja, kisha rudi kwenye sehemu yako.

Hatua ya 3: Andaa "tueleze kuhusu wewe"

Jibu ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Naitwa fulani, nimezaliwa mwaka 1999 wilayani Kibondo, ni mtoto wa tatu kati ya saba, nilianza shule ya msingi mwaka…" Anapofika chuo, dakika mbili zimekwisha na wasaili wameanza kufunua makaratasi. Hayo yote wanayo kwenye CV.

Wanachouliza kwa kweli ni: kwa kazi hii, wewe ni nani? Jibu kwa vipande vitatu, jumla isizidi dakika moja na nusu. Wewe ni nani sasa hivi, ushahidi mmoja au miwili wa unachokiweza, na kwa nini uko mbele yao leo. Binti wa Gungu tulimwandalia hivi:

"Nina stashahada ya ununuzi na ugavi, nimemaliza mwaka jana. Kwenye fildi nilikaa wiki nane kwenye stoo ya dawa, nikajifunza kutunza leja na kutoa mzigo kwa utaratibu wa kinachotangulia kuisha muda wake kitangulie kutoka. Tangu nirudi nyumbani nasimamia vipimo na kumbukumbu za biashara ya dagaa ya familia, na huko niligundua chanzo cha upotevu wa uzito uliokuwa unatugombanisha na mteja. Nimeomba nafasi hii kwa sababu tangazo lenu linataka mtu wa kuhesabu na kutoa taarifa ya upungufu, na hiyo ndiyo kazi ninayoifanya kila siku."

Ona anavyotupa ndoano pale kwenye "niligundua chanzo". Msaili ataivuta tu, na swali linalofuata litakuwa lile alilokwisha kuliandaa.

Hatua ya 4: Maswali matatu yanayoangusha wengi

*"Kwa nini unataka kufanya kazi hapa?"* Usijibu "kwa sababu natafuta ajira" wala usiisifie taasisi maneno matupu. Taja kitu kimoja cha kweli unachokijua kuhusu kazi yao. Kama ni shirika linalohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, uwe unajua linahudumia nini pale: maji, afya, elimu au ulinzi wa watoto. Kama ni nafasi ya halmashauri, ujue kata zake na shughuli kuu ya watu wake. Kama ni chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku kule Urambo au Kaliua, ujue msimu unakwendaje kabla hujaingia mlangoni. Nenda ukaulize watu wanaofanya kazi pale. Nusu saa inatosha.

*"Udhaifu wako ni upi?"* Jibu la "udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi" limechakaa, na wasaili wameshalisikia. Taja udhaifu wa kweli usiogusa moyo wa kazi yenyewe, kisha sema unachofanya kuupunguza. "Nilikuwa nakubali kazi zote ninazopewa, nikawa nachelewesha. Sasa nikipewa kazi mpya naandika tarehe yake, na kama zinagongana namuuliza mkubwa wangu ipi itangulie." Anayeomba kazi ya uhasibu asitaje kusahau tarakimu.

*"Umewahi kukosana na mwenzako kazini?"* Ukisema "sijawahi kukosana na mtu" umeliacha swali bila jibu, maana kila mtu amewahi kutofautiana na mwenzake. Chukua kisa chako cha kutoelewana, kieleze bila kumsema mwenzako vibaya, na muda mwingi utumie kwenye namna mlivyomaliza. Wala usimseme vibaya mwajiri wako wa zamani, hata kama alikuumiza kweli. Najua hili ni gumu kwa aliyedhulumiwa. Lakini msaili hakuwapo, anachokiona ni namna unavyomzungumzia mtu asiyekuwapo chumbani.

Maswali ya kitaalamu sitayaingia, kila fani ina yake. Rudia madaftari yako ya chuo kwa vile vitenzi vya Hatua ya 1. Kazi za serikali mara nyingi huanza na mchujo wa kuandika, na baadhi ya kada kama madereva hupimwa kwa vitendo, kwa hiyo usiandae mdomo peke yake.

Hatua ya 5: Mshahara, piga hesabu kabla

Kazi za serikali ngazi ya mshahara hutajwa kwenye tangazo, huna cha kujadili. Mashirika na kampuni ndio wanaouliza "unategemea kulipwa kiasi gani?"

Kosa la kwanza ni kusema "chochote mtakachonipa". Kosa la pili ni kutaja kiasi ukidhani ndicho kitakachoingia mkononi. Kinachojadiliwa ni mshahara ghafi, kabla ya makato. Tuseme ni shilingi 700,000:

- Mchango wako wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, wa asilimia 10: 70,000. Zinabaki 630,000.
- Kodi ya mshahara hukatwa kwenye hizo 630,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 za kwanza hazikatwi. Kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Na 110,000 zilizobaki ni asilimia 20, yaani 22,000. Jumla 42,000.
- Kama ulisoma kwa mkopo wa bodi ya mikopo ya wanafunzi, HESLB, asilimia 15 ya mshahara: 105,000.

Mwenye mkopo anabaki na 483,000, asiye na mkopo 588,000. Sasa weka pembeni kodi ya chumba, nauli na chakula cha mji utakaofanyia kazi, uone kama inatosha. Kisha uliza watu wa fani yako wanalipwa kiasi gani, na ujibu kwa kutaja kiwango chenye chini na juu: "Kwa majukumu haya nategemea kati ya laki saba na laki nane na nusu kabla ya makato, na niko tayari kuzungumza." Kile cha chini kiwe kweli unaweza kuishi nacho, maana ndicho wanachoweza kukubali.

Hatua ya 6: Sema kwa sauti

Kusoma majibu kimoyomoyo hakutoshi. Jibu lililonyooka kichwani huja kupinda mdomoni. Washa simu, jirekodi ukijibu "tueleze kuhusu wewe", kisha sikiliza. Mara ya kwanza utachukia sauti yako. Hilo humpata kila mtu, endelea. Hesabu umesema "yaani" mara ngapi. Tazama dakika. Rudia mara tatu, halafu mpe yule mtu wako akuulize maswali bila kufuata mpangilio.

Usikariri neno kwa neno. Kariri mfuatano wa tukio. Aliyekariri maneno akipoteza moja anapoteza yote.

Kama tangazo liliandikwa kwa Kiingereza, tayarisha na visa vyako vitatu kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi unazozimudu. Wengi wanaogopa lafudhi, hasa sisi tuliokulia kwenye Kiha. Lafudhi haikatwi alama. Sentensi ndefu iliyokufia njiani ndiyo inayokugharimu.

Hatua ya 7: Chumbani

Kama unatoka Kakonko, Kibondo au Buhigwe na usaili ni saa mbili asubuhi mjini, lala mjini. Usitegemee gari la alfajiri.

Naulizwa sana kuhusu salamu. Jopo lina watu wanne, wawili wa umri wa wazazi wako, mmoja rika lako: unaamkia vipi? Toa salamu moja kwa wote. "Shikamooni" inafaa ukiona wengi ni wakubwa zako, na "habari za asubuhi" inafaa popote. Usimwamkie mmoja mmoja, na subiri kuambiwa ukae. Kama hujui lugha ipi itumike, uliza mwanzoni: "Naomba kufahamu, nijibu kwa Kiswahili au Kiingereza?" Hakuna atakayekuchukia kwa hilo.

Mwishoni watasema, "Una swali?" Kuwa nalo. Linalopendeza ni la kazi yenyewe: "Mtu atakayepata nafasi hii, mngependa awe amekamilisha nini katika miezi mitatu ya kwanza?" Likizo na posho ziache mpaka wakupe barua.

Pakikwama

*Umesahau kila kitu.* Sema, "Naomba sekunde chache nifikirie." Vuta pumzi, kumbuka mahali pa kisa chako, ule mwalo au ile stoo, anza kwa kupataja. Maneno hufuata.

*Hujui jibu la kitaalamu.* Sema hulijui, kisha eleza ungelitafuta wapi au ungemuuliza nani. Kubahatisha kwa kujiamini ni kubaya zaidi, hasa kazi ya dawa, umeme au fedha.

*Jopo liko kimya, hakuna anayetabasamu.* Wanaandika. Nilipokuwa upande ule nilikuwa hivyohivyo, hata kwa mtu niliyempa alama za juu.

*Umeulizwa kama umeolewa, kama ni mjamzito, au dini yako.* Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa mambo hayo, na ulinzi huo unamhusu hata anayeomba kazi. Lakini ndani ya chumba ni wewe na mkate wako, kwa hiyo sikuambii ugombane. Jibu linaloniridhisha mimi ni la kurudisha mazungumzo kwenye kazi: "Hakuna jambo la nyumbani litakalonizuia kutimiza majukumu yaliyo kwenye tangazo, pamoja na safari za vijijini." Ukisema hivyo, nyamaza, usiongeze.

*Usaili ni wa simu na mtandao unakatika.* Jaribu sehemu hiyo siku moja kabla, saa ileile. Mwanzoni kabisa waombe namba ya kuwapigia ikikatika.

*Umepigiwa simu kwamba umepita, tuma elfu hamsini ya fomu au ya daktari.* Usitume. Mwajiri wa kweli hatozi pesa ya usaili wala ya nafasi. Chukua namba za ofisi kwenye tangazo lenyewe, upige uulize, au nenda kwa miguu kama ni hapahapa mjini. Wiki chache zilizopita kijana mmoja alikuja dukani kwangu kutoa pesa aitume, mikono inamtetemeka kwa furaha. Tulipiga namba ya tangazo kwanza, na aliyepokea akatuambia majina bado hayajatoka.